Mtu Wetu Anapokosea: Jibu kwa Mwalimu wa Shule ya Jumapili wa Nakuru

Swali: Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili hapa Nakuru. Kanisa letu lina Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya na Waluo, na mwaka mzima tunaishi vizuri. Tunazikana, tunaombeana, tunachangiana karo. Lakini siasa zikianza, kila mtu anarudi kwao. Juzi mzee wa kanisa ninayemheshimu sana aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba jamii fulani haifai kupewa nchi, na wengi wakaitikia "Amina". Shemeji yangu, aliyeacha kanisa baada ya ghasia za uchaguzi za 2008, husema Wakristo wa Kenya wana dini lakini hawana imani. Sijui nimjibu nini. Je, siasa zetu zinaonyesha tunachokiri? Na mimi mwenyewe nimpigie nani kura 2027? Wakati mwingine nafikiria hata kuhama kanisa.

Jibu: Asifiwe milele, dada yangu. Nitaanza na shemeji yako, maana aliyeondoka baada ya 2008 ana haki ya kujibiwa kwanza, tena bila kuzungushwa.

Kwa sehemu kubwa anasema kweli. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Wakristo ni zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya. Kama imani ndiyo ingekuwa inaongoza kura, basi katika jambo ambalo maaskofu na wachungaji wote wamelisemea kwa sauti moja tungetarajia waumini wafuate, au angalau wagawanyike kwa namna inayofanana kila mkoa. Nafasi ya kulipima hilo tuliipata katika kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010. Viongozi wa makanisa karibu wote, Wakatoliki, Waprotestanti na Wapentekoste, waliipinga katiba mpya kwa sababu ya kifungu cha utoaji mimba na mahakama za Kadhi, ingawa mahakama hizo zimo katika katiba yetu tangu uhuru. Walihubiri, wakazunguka nchi nzima, wakaandika barua za kichungaji. Katiba ilipita kwa karibu asilimia 67. Ukiitazama ramani ya kura hizo mkoa kwa mkoa, huoni kanisa popote. Nyanza na Kati walisema Ndiyo kwa wingi mkubwa, kwa kuwa vinara wao walikuwa upande wa Ndiyo. Bonde la Ufa likasema Hapana, kwa kuwa kinara wake alikuwa upande wa Hapana. Ni Wakristo walewale, wenye Biblia ileile, na mahubiri yaleyale ya Jumapili iliyotangulia.

Sisemi katiba ile ilistahili kupita au kuanguka. Ninachosema ni kwamba Mkristo wa Kenya, akifika kwenye kisanduku cha kura, kwa kawaida ameshaamua mahali pengine, na mahali hapo ni nyumbani kwao.

Mara nyingi lawama humwangukia muumini mmojammoja, kana kwamba angesali zaidi angepona. Mimi hufundisha historia ya kanisa, na naona chanzo kiko mbali zaidi. Wamisionari walipoingia nchi hii waligawana maeneo ili wasigombanie watu. Waskoti wakakaa na Wakikuyu, na huko ndiko ilikotoka PCEA, yaani kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki. African Inland Mission ikaenda Ukambani na kwa Wakalenjin. Wamethodisti wakaanzia pwani, kisha Meru. Waquaker wakafika Kaimosi mwaka 1902 na kukita mizizi kwa Waluhya. Nia yao haikuwa mbaya. Lakini angalia matokeo yake baada ya miaka mia moja. Dayosisi ya askofu na ngome ya mwanasiasa mara nyingi ni ardhi ileile yenye watu walewale. Askofu akimkemea kinara wa eneo, anawakemea wanaotoa sadaka inayoendesha kanisa lake, na jioni anarudi kula kwa ndugu zake ambao tayari wamesikia alichosema. Kanisa la mseto kama lenu la Nakuru ni geni katika historia hiyo, na ndiyo maana mnayaona kwa macho mambo ambayo makanisa mengine hayana nafasi ya kuyaona, kwa kuwa huko kila mtu ni wa nyumba moja.

Wala kuwapenda watu wako si dhambi. Paulo alisema angekuwa radhi kuharimishwa na kutengwa na Kristo kwa ajili ya ndugu zake kwa jinsi ya mwili. Bwana wetu aliulilia Yerusalemu. Madai ya ardhi katika Bonde la Ufa yana historia ndefu, na uchungu wa waliofukuzwa mashambani mwao ni wa kweli pia. Kwa hiyo sikubaliani na wanaohubiri kwamba Mkristo hana kabila. Analo, na Mungu alijua.

Kipimo changu ni kingine. Imani ya mtu katika siasa huonekana siku mtu wake anapokosea. Kumkemea mpinzani hakuhitaji Roho Mtakatifu, maana hata asiyeamini hulifanya hilo bure. Nathani aliyemwambia Daudi "Wewe ndiwe mtu huyo" alikuwa nabii wa nyumba ya Daudi, aliyemwombea mema na kumletea ahadi za Mungu. Hiyo ndiyo nguvu ya maneno yake. Tukitumia kipimo hicho, historia yetu wenyewe ina mengi ya kutuaibisha na machache ya kututia moyo, na yote mawili nitakuonyesha katika mji mmoja ulio karibu nawe, Eldoret.

Alexander Muge alikuwa askofu wa Kianglikana wa Eldoret. Alikuwa Mnandi, yaani Mkalenjin, wakati Rais alikuwa Daniel arap Moi. Kwa hesabu ya siasa zetu, serikali ile ilikuwa yake. Angeweza kunyamaza na watu wangemwona mwenye busara. Badala yake alisema wazi kwamba watu wa Pokot Magharibi walikuwa wakifa njaa huku serikali ikikana, na akawashutumu wakubwa waliokuwa wakinyakua ardhi. Agosti 1990 Waziri wa Kazi, Peter Okondo, alimwonya hadharani asikanyage Busia, kwamba akienda ataona moto na huenda asitoke hai. Muge akajibu kwamba atakwenda. Agosti 14 alikwenda, akahutubia, akaanza safari ya kurudi. Njiani gari lake liligongana na lori, naye akafa. Serikali ilisema ni ajali ya barabarani. Wakenya wengi hawakuamini wakati ule, na wengi hawaamini hata leo. Waziri alijiuzulu.

Kipindi kile tulikuwa na sauti kadhaa za namna hiyo. NCCK, yaani Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, ilipinga kura ya mlolongo tangu ilipotangazwa mwaka 1986, kura ambayo mtu alisimama nyuma ya picha ya mgombea mbele ya chifu, na mwajiri wake akimwona. Askofu David Gitari aliihubiri Biblia kitabu kwa kitabu hadi mwaka 1989 majambazi wakavamia nyumba yake usiku, akapanda juu ya paa akipiga kelele kuwaita majirani. Mchungaji Timothy Njoya alipigwa na polisi ndani ya Kanisa la Watakatifu Wote Nairobi, Julai 7, 1997. Lakini katika miaka ileile ya 1980, African Inland Church, kanisa alilosali Rais, lilijitoa NCCK kwa sababu ya ubishi wa mlolongo. Unaona jinsi mambo yalivyokaa. Waliosema sana, wengi wao walitoka jamii zilizokuwa nje ya ikulu. Waliotetea, wengi walitoka jamii iliyokuwa ndani. Muge ni mmoja wa wachache walioivuka mistari hiyo, na ndiyo maana naanza naye kila ninapofundisha somo hili.

Kisha ukaja mwaka 2002. Serikali ikabadilika, na baadhi ya viongozi wa kanisa waliokuwa simba wakawa wapole. Rafiki zao sasa walikuwa mawaziri. Ufisadi mpya ulipoibuka, sauti zao hazikuwa zile tulizozizoea. Kufikia 2007 makanisa yalikuwa na wagombea wao. Kulikuwa na unabii uliotolewa kwa ajili ya mgombea huyu na mwingine kwa ajili ya yule, na kila kambi ilikuwa na mchungaji aliyempaka mafuta mtu wake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 27 zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Januari 1, 2008, kanisa la KAG (Kenya Assemblies of God) la Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, lilichomwa moto watu wakiwa ndani, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamekimbilia humo wakiamini kwamba hakuna anayechoma nyumba ya Mungu. Karibu watu 30 walikufa. Mwishoni mwa Januari hiyohiyo, Naivasha na hapo kwenu Nakuru, vijana wa upande wa pili walilipiza kwa watu ambao hawakuwa wamefika Kiambaa maishani mwao. Waliochoma na waliochomwa, waliokata kwa panga na waliokatwa, kwa sehemu kubwa walikuwa wamebatizwa.

Februari 2008 viongozi wa NCCK walitoa tamko wakakiri kwamba walikuwa wameegemea upande, kwamba walijitambulisha na watu wao kwa misingi ya kabila, na kwamba hawakusema kwa sauti moja. Mwonyeshe shemeji yako kwamba kanisa lenyewe lilishakubali hoja yake, kwa maandishi. Ninaliheshimu tamko lile. Ninasikitika kwamba makanisa mengi mashinani hayakuwahi kulisoma mbele ya waumini.

Lakini shemeji yako anapaswa kusikia na nusu ya pili ya habari za Eldoret. Wiki ileile ya Kiambaa, maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, walikimbilia uwanja wa Kanisa Kuu la Sacred Heart mjini. Askofu wa Kikatoliki pale, Cornelius Korir, alikuwa Mkalenjin. Alifungua malango. Aliwalinda na kuwalisha watu ambao baadhi ya jamaa zake waliwaita madoadoa, yaani watu wa kuja wasiostahili kukaa pale, na wako waliomwona msaliti. Alikuwa ameshafanya hivyo tangu mapigano ya 1992. Moshi ulipotulia hakukimbilia mikutano ya hotelini. Alianza kwa kukaa na kila jamii peke yake, wazee na vijana, waseme yote waliyo nayo moyoni bila upande wa pili kuwapo. Baadaye sana ndipo aliwakutanisha, wachache kwanza, halafu wengi. Kisha akawapa kazi ya kufanya pamoja, kama barabara, shule au josho la ng'ombe, ili mtu awe na sababu ya kukutana na jirani yake Jumatatu. Alifariki mwaka 2017. Ukimuuliza mtu wa Burnt Forest au Turbo ni nini kilichorudisha watu mashambani, mara nyingi utasikia jina lake kabla ya jina la mwanasiasa yeyote.

Tena hawa hawakuwa wa kwanza. Wakati wa Mau Mau, ndugu wa Uamsho, yaani Wakristo wa vuguvugu la uamsho wa Afrika Mashariki, katika nchi ya Wakikuyu walikataa kiapo, na wengi wao walikataa pia bunduki za serikali ya kikoloni, wakauawa kwa hilo. Mwaka 1969, baada ya waziri Tom Mboya, aliyekuwa Mluo, kuuawa, Wakikuyu wengi walipelekwa kulishwa kiapo cha kuhifadhi utawala ndani ya jamii. Wako Wakristo Wakikuyu waliokataa wakapigwa, na makanisa yao yakapinga hadharani. Hebu fikiria ujasiri huo: unaambiwa kula kiapo ili utawala ubaki kwenu, na faida yake ni yako na ya watoto wako, nawe unasema hapana kwa sababu ulishajitoa kwa Bwana mwingine.

Jirani zetu walitufundisha jambo hilihili kwa gharama kubwa kuliko yetu. Rwanda ya 1994 ilikuwa mojawapo ya nchi za Kikristo kuliko zote Afrika, na askofu mkuu wa Kigali alikuwa amekaa miaka mingi katika kamati kuu ya chama tawala. Watu waliuawa ndani ya makanisa ya Nyamata, Ntarama na Nyarubuye. Miaka mitatu baadaye, Aprili 30, 1997, wauaji waliingia seminari ya Buta nchini Burundi na kuwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana wale walikataa. Arobaini waliuawa wakiwa pamoja. Wale vijana walikuwa wamefundishwa kwa muda mrefu kabla ya siku ile, kwa mazungumzo ya wazi juu ya kabila ambayo seminari nyingine ziliyaogopa.

Hapo nafika kwenye jambo linalonikera zaidi katika makanisa yetu. Tunahubiri sana juu ya pombe, uzinzi na uchawi, na ni haki tuhubiri. Lakini ni lini mara ya mwisho uliposikia mahubiri juu ya mtu aliyeuza kura yake kwa shilingi mia mbili? Au juu ya karani aliyebadilisha fomu ya matokeo ili mtu wa kwao ashinde, kisha Jumapili akapanda kuimba kwaya? Muumini akilewa, anatengwa na Meza ya Bwana. Akichochea watu wafukuzwe mashambani, anaitwa mzee wa jamii. Waumini wanajifunza kutokana na tunachokiadhibu kuliko tunachokisema, na wamejifunza kwamba siasa haimo katika orodha ya dhambi.

Na fedha zinatufunga mdomo. Unajua jinsi inavyokwenda. Mheshimiwa anafika ibada ikiwa katikati, msafara unaziba lango, wazee wanasimama, watoto wanaondolewa viti vya mbele. Baada ya mahubiri anapewa kipaza sauti "atusalimie". Anasalimia dakika 40, anawatukana wapinzani wake mbele ya msalaba, kisha inatolewa bahasha ya paa la kanisa. Yakobo aliandika juu ya mtu mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri anayeingia katika sinagogi na kupewa mahali pazuri, na akakuita kufanya hivyo kupendelea watu. Sijui tunaisomaje sura ile ya pili huku tukipanga viti.

Yapo mabadiliko, na nayataja kwa furaha. Septemba 2021, huko Butere, katika kuwekwa wakfu kwa Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Kianglikana nchini, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alikataa kuwapa wanasiasa jukwaa ingawa wakubwa wa nchi walikuwa wameketi pale. Juni 2024 vijana wa maandamano, wengi wao watoto wa makanisa yetu, waliwadai viongozi wa dini waache kuwauzia wanasiasa madhabahu. Novemba mwaka huohuo maaskofu wa Katoliki walitoa tamko kali juu ya utekaji nyara, kodi na uongo wa viongozi. Siku chache baadaye Rais alipotoa mchango katika kanisa la Soweto, Nairobi, zaidi ya shilingi milioni 5 pamoja na ahadi, Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza fedha zirudishwe. Kukemea kwa barua ni rahisi. Kurudisha fedha ambazo parokia ilikuwa inazihitaji kweli ni jambo zito zaidi. Tutaona kama msimamo huo utadumu atakapokuja mwanasiasa wanayempenda.

Sasa kura yako. Sitakutajia mtu wala chama, na mchungaji yeyote atakayekutajia mtilie shaka. Yethro alimwambia Musa achague watu walio uwezo, wenye kumcha Mungu, watu wa kweli, wenye kuchukia mapato ya udhalimu. Tazama kwamba uwezo umetajwa na ukweli umetajwa, na kabila halikutajwa ingawa Israeli walikuwa na makabila kumi na mawili. Kisha jiulize maswali mawili kwa uaminifu. Kama mgombea wa jamii nyingine angekuwa na rekodi hii hii ya huyu wangu, ningemchagua? Na je, kuna jambo lolote ambalo mtu wangu anaweza kulifanya nikaacha kumuunga mkono? Ukikosa jibu la swali la pili, ujue kwamba umemweka mahali ambapo Amri ya Kwanza haimruhusu kukaa. Ukiyajibu yote mawili na bado ukampigia mtu wa kwenu kura, mpigie kwa amani. Kura ni ya siri na dhamiri ni yako.

Kuhusu mzee wenu, usimjibu kwenye kundi. Mathayo 18 inasema enenda, wewe na yeye peke yenu. Nenda nyumbani kwake ukiwa na adabu zote anazostahili, mwambie ujumbe wake uliwaumiza akina nani, kwa majina ya watoto unaowafundisha, kwa kuwa baadhi yao ni wa jamii ile aliyoitaja. Ni afadhali aende mtu wa kabila lake. Kama wewe ni wa kwao, kazi hiyo ni yako. Kama si wa kwao, mtafute mmoja wa wale walioitikia Amina ambaye unaona moyo wake unamsuta, mwende pamoja. Asipokusikia, lipelekeni kwenye kikao cha wazee. Na katika kikao hichohicho ombeni mambo mawili yaandikwe kwenye kumbukumbu mapema, kabla joto halijapanda kuelekea Agosti 2027: kwamba hakuna mgombea atakayepewa kipaza sauti katika ibada, na kwamba kanisa halitapokea mchango wa mgombea yeyote hadi uchaguzi upite, hata akiwa amebatizwa na kulelewa hapohapo.

Kuhama sikushauri, angalau kwa sasa. Ungehamia wapi? Makanisa mengi yenye utulivu wakati wa uchaguzi yana utulivu kwa kuwa wote wanakubaliana tangu mwanzo. Ninyi mnao Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya na Waluo katika benchi moja, na watoto wao wako mikononi mwako kila Jumapili. Wafundishe habari za Muge na Korir, na za vijana wa Buta. Ukihitaji masomo yaliyopangwa kwa umri wao niandikie, ninayo na nitakutumia.